Waziri na Kiti cha Ubunge: Mjadala juu ya Mhimili wa Serikali

PROFESA WA SHERIA: Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaigawa kazi ya dola katika mihimili mitatu, yaani Serikali inayotekeleza, Bunge linalotunga sheria na kusimamia, na Mahakama inayotoa haki. Hata hivyo, Ibara ya 55 ya Katiba hiyohiyo inamtaka Rais awateue mawaziri na naibu mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, ilhali Ibara ya 63 inasema kwamba Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara hizi mbili zikisomwa pamoja, msimamizi na msimamiwa wanakutwa katika ukumbi mmoja, wakipiga kura katika hoja moja na kuwania nafasi katika orodha moja. Hoja inayoletwa hapa ni kwamba mpangilio huu umedumu muda wa kutosha kuonyesha udhaifu wake, na kwamba waziri apatikane nje ya Bunge, kama ilivyopendekezwa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba katika rasimu yake ya pili ya Desemba 2013.

MBUNGE MSTAAFU: Profesa ameanza na maandishi ya Katiba, na ni haki yake, lakini usimamizi hupimwa kwa yale yanayotendeka ukumbini. Katika mkutano wa bajeti unaoanza Aprili na kumalizika Juni, makadirio ya kila wizara yanapofika hatua ya kupitishwa, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia vifungu kimoja baada ya kingine. Unapotajwa mshahara wa Waziri, mbunge asiyeridhika husimama na kutangaza kwamba anakusudia kushika shilingi, maana yake anataka mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja mpaka Waziri atoe maelezo ya kuridhisha juu ya jambo mahsusi, liwe barabara iliyoahidiwa tangu awamu iliyopita, madai ya walimu, au bei ya korosho. Wenzake husimama kumuunga mkono, mjadala hufunguliwa, na Waziri hulazimika kujibu palepale, huku watendaji wa wizara yake wakimpelekea vikaratasi vyenye takwimu. Anayejibu ni mbunge mwenzao, anayejua kwamba wanaomhoji watakutana naye kesho asubuhi katika kipindi cha maswali na keshokutwa kwenye kamati. Waziri asiye mbunge atabanwa hivyo wapi?

PROFESA WA SHERIA: Mheshimiwa Mbunge ameieleza shilingi vizuri, ila amesimulia nusu ya safari yake. Shilingi inayoshikwa jioni hurudishwa jioni ileile, mara nyingi baada ya Waziri kuahidi kwamba atalifanyia kazi suala hilo, na mbunge aliyeishika humalizia kwa kusema anaunga mkono hoja. Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Mawaziri na naibu wao ni wapiga kura katika hoja hiyohiyo, na wajibu wa pamoja, yaani kanuni inayowataka wote wautetee uamuzi wa Baraza la Mawaziri hata kama ndani ya kikao walikuwa na maoni tofauti, unawazuia kupiga kura dhidi ya mwenzao. Nyuma yao wameketi wabunge wa chama kinachotawala ambao kila mmoja anaweza kupigiwa simu ya uteuzi wakati wowote, na ni vigumu kumtaka mtu aisimamie kwa ukali Serikali anayotumaini kuingia. Zaidi ya hayo, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kuipitisha bajeti ya Serikali, kwa hiyo anayeshika shilingi anajua kuwa mvutano ukifika mwisho wake, kiti kitakachopotea ni chake pia.

KATIBU MKUU MSTAAFU: Kabla mjadala haujazama katika Bunge pekee, ni vema ikaelezwa kazi ya waziri ndani ya wizara, kwa sababu wengi humwona jukwaani wakadhani ndiye anayeshika funguo za hazina. Fedha za wizara ziko chini ya Afisa Masuuli, ambaye kwa kawaida ni Katibu Mkuu, mtumishi wa umma anayewajibika mwenyewe kwa kila kiasi kilichotengwa katika fungu lake, na ndiye anayeitwa mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapoonyesha dosari. Kazi ya Waziri ni sera. Jambo likitaka uamuzi wa Serikali nzima, wizara huandika Waraka wa Baraza la Mawaziri, waraka huo hujadiliwa kwanza na kamati ya makatibu wakuu wa wizara zote, hurudishwa ukiwa na mapungufu, huandikwa upya, ndipo hufika mbele ya Baraza ambalo Rais mwenyewe ni mwenyekiti wake. Hatua hizo zinahitaji waziri anayesoma majalada. Waziri aliye pia mbunge wa jimbo huyasoma majalada hayo usiku, kwa sababu Ijumaa anaondoka kwenda jimboni, ambako kuna msiba, harambee ya zahanati, na mgogoro wa mpaka wa vijiji viwili, na asipoonekana huko, miaka mitano ikiisha atakosa ubunge, na uwaziri utakwenda nao.

MBUNGE MSTAAFU: Ndugu Katibu Mkuu anayaona majimbo kuwa mzigo, kumbe ndiko waziri anakojifunza kama sera yake inafanya kazi. Waziri wa Kilimo anayepokewa kijijini na wakulima wenye mbolea iliyochelewa hahitaji kusubiri taarifa ya robo mwaka. Mtaalamu aliyechukuliwa kutoka chuo au benki akawekwa juu ya wizara atakuwa hodari wa takwimu, ila hana mwananchi hata mmoja anayeweza kumwambia kwamba kura yake itakwenda kwingine. Tena Katiba haikuufunga mlango wa wataalamu. Ibara ya 66 inamruhusu Rais ateue wabunge wasiozidi 10, na kwa mlango huo, Desemba 2015, waliingia Dkt. Philip Mpango aliyekabidhiwa Wizara ya Fedha, na Balozi Augustine Mahiga aliyekabidhiwa Mambo ya Nje baada ya utumishi mrefu katika Umoja wa Mataifa. Mtaalamu akihitajika, anapatikana, na akishapatikana anakaa bungeni na kuulizwa maswali kama wenzake.

PROFESA WA SHERIA: Mfano huo unaisaidia hoja pinzani kuliko unavyoisaidia hoja ya Mheshimiwa. Mtu anayepewa ubunge ili awe waziri hakuchaguliwa na jimbo lolote, hana mwananchi wa kumtishia kura, na kiti chake ni zawadi ya yuleyule aliyempa wizara. Ikikubaliwa kwamba Waziri wa Fedha na Waziri wa Mambo ya Nje wanaweza kufanya kazi vizuri bila jimbo, basi sharti la ubunge limebaki kuwa utaratibu wa kupita tu. Kuna historia hapa inayostahili kukumbukwa. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na mfumo wa Uingereza, ambamo Waziri Mkuu na mawaziri wake hutoka bungeni na huanguka Bunge likiwanyima imani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1962, nchi ikawa jamhuri na kupata Rais mtendaji, yaani Rais aliye Mkuu wa Nchi na Kiongozi wa Serikali kwa wakati mmoja, asiyeketi bungeni na asiyeondolewa kwa kura ya kawaida ya kutokuwa na imani. Mawaziri wakaachwa bungeni. Mkuu wa mhimili akatoka mikononi mwa Bunge, wasaidizi wake wakabaki humo, na kwa njia hiyo mfumo ukachukua nguvu za Rais wa aina ya Marekani bila vizuizi vya Marekani, ukachukua na mawaziri wa aina ya Uingereza bila ile kura inayowatisha.

MBUNGE MSTAAFU: Kura hiyo ipo. Ibara ya 53A inaruhusu hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na Ibara ya 57 inasema kiti cha Waziri Mkuu kikiwa wazi, viti vya mawaziri vinakuwa wazi pia. Februari 2008 taifa liliona uzito wa mpangilio huo hata kabla kura haijapigwa. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilichunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, ikawasilisha taarifa yake mbele ya wabunge, na Waziri Mkuu Edward Lowassa, akiwa ndani ya ukumbi uleule, akasimama na kutangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri wawili waliotajwa walijiuzulu pia, Baraza zima likavunjika, na Rais Jakaya Kikwete akaunda jingine chini ya Mizengo Pinda. Desemba 2013 mambo yalijirudia kwa namna nyingine, pale taarifa ya Kamati ya Bunge kuhusu Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili ikaishia kuwatesa wananchi, ilipowaondoa mawaziri wanne kwa siku moja. Mwenye kusema kwamba Bunge lenye mawaziri ndani yake haliwezi kuwawajibisha, aeleze siku hizo mbili zilitokeaje.

KATIBU MKUU MSTAAFU: Siku hizo zilitokea, na watumishi waliokuwa maofisini wanazikumbuka. Lakini ziangaliwe kwa karibu. Mwaka 2008 Bunge halikumwondoa mtu kwa kura; Waziri Mkuu aliandika barua, na Rais akaikubali. Mwaka 2013 taarifa ilisomwa bungeni, ila uteuzi wa mawaziri wanne ulitenguliwa na Rais. Mtu anaweza kurudi nyuma zaidi, hadi mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa hakuna aliyedai kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Hapo palitosha dhamira ya mtu na kauli ya Rais, bila mchango wa kikao chochote cha Bunge. Katika mifano yote mitatu kalamu ya mwisho ilikuwa Ikulu. Ibara ya 37 inasema wazi kwamba Rais, katika kutekeleza madaraka yake, halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale sheria inapomtaka afanye hivyo. Swali la mlango anaoingilia waziri linapewa uzito mkubwa mno, na swali la nani anaweza kumtoa linapewa uzito mdogo.

PROFESA WA SHERIA: Ndipo mfano wa Kenya unapofaa, kwa sababu jirani huyo alijibu maswali yote mawili kwa pamoja. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ya mseto iliyoundwa mwaka 2008 ilikuwa na mawaziri wapatao 40 na kundi kubwa la mawaziri wasaidizi, wote wabunge, kiasi kwamba sehemu kubwa ya Bunge ilikuwa Serikali. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikalikata tatizo hilo. Ibara ya 152 inaweka mawaziri wasiopungua 14 na wasiozidi 22, inakataza waziri kuwa mbunge, inalitaka Bunge la Taifa limhoji na kumwidhinisha kila anayependekezwa, na inalipa Bunge hilo njia ya kumlazimisha Rais amfukuze waziri aliyethibitika kuvunja Katiba au kufanya utovu mkubwa wa maadili. Kuidhinisha si jambo la jina tu: Agosti 2024 wabunge walilikataa jina mojawapo kati ya yale yaliyopelekwa kwao na Rais. Katiba ya Tanzania haina kifungu cha kumpigia kura waziri mmoja mmoja, wala cha kumhoji kabla hajaapishwa.

MBUNGE MSTAAFU: Profesa amesoma Ibara ya 152 bila kueleza ilivyotumika. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wakulima wa Kenya waligundua kwamba baadhi ya mbolea ya ruzuku waliyouziwa ilikuwa bandia. Hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, ilifikishwa katika Bunge la Taifa na wabunge 149 wakaiunga mkono, idadi iliyozidi kwa mbali theluthi moja inayotakiwa. Kwa mujibu wa Katiba iliundwa kamati teule ya wajumbe 11 iliyopewa siku 10 kuchunguza, na kamati hiyo, kwa kura 7 dhidi ya 4, ikasema tuhuma hazikuthibitika. Waziri akabaki ofisini. Kilichomwondoa Julai 2024 ni vijana waliojaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, hadi Rais William Ruto akalivunja karibu Baraza lote kwa tangazo moja, kisha akawarudisha baadhi ya walewale. Mawaziri wako nje ya Bunge, utaratibu wa kuwafukuza umeandikwa hatua kwa hatua, na bado kalamu ni ya Rais.

PROFESA WA SHERIA: Kushindwa kwa kamati moja hakuufuti utaratibu. Mkulima wa Kenya alijua ni wabunge gani 7 walioamua kwamba mbolea yake haikuwa na wa kujibia, kwa kuwa kura ilihesabiwa. Mkulima wa Tanzania angeishia kusikia tetesi za mabadiliko ya Baraza.

MBUNGE MSTAAFU: Alijua, na mbolea yake ikaendelea kuwa mchanga. Kuna jambo jingine ambalo Wakenya wenyewe wamelieleza kwa vitendo. Mawaziri walipotolewa bungeni, wabunge walianza kulalamika kwamba hakuna wa kumuuliza swali ana kwa ana, kwani waziri huitwa mbele ya kamati, na kamati haina uzito wa ukumbi mzima. Mswada wa mabadiliko ya Katiba uliojulikana kama BBI ulikusudia kuwaruhusu wabunge wawe tena mawaziri, na ulizuiwa na mahakama kwa sababu nyingine, hadi uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 31 Machi 2022. Mwaka uliofuata mawaziri wakaanza kufika ukumbini kujibu maswali kwa mujibu wa kanuni zilizorekebishwa. Nchi iliyowatoa mawaziri mlangoni imelazimika kuwakaribisha dirishani. Hata ile ahadi ya wataalamu haikudumu, kwa kuwa baada ya uchaguzi wa 2022, Aden Duale na Kipchumba Murkomen, waliokuwa wamechaguliwa hivi punde, waliviacha viti vyao ili wawe mawaziri, na wapiga kura wao wakarudi kwenye vituo kuchagua tena.

KATIBU MKUU MSTAAFU: Hapo Mheshimiwa ameeleza, pengine bila kukusudia, kwa nini utaratibu wa Kenya una manufaa. Duale na Murkomen walilazimika kuchagua. Mwananchi wa Garissa Township, jimbo la Duale, alipata mbunge asiye na kazi nyingine ila kumwakilisha, na wizara ikapata waziri asiye na jimbo la kulihofia. Mtumishi aliyekaa katika wizara kadhaa ameona bajeti za barabara na maji zikivutwa kuelekea kwa waziri, si kwa wizi, bali kwa sababu binadamu aliyeahidi kisima nyumbani kwao akikabidhiwa mafungu ya visima atakumbuka kwanza nyumbani. Majimbo yasiyo na waziri nayo hulipa kodi. Hata hivyo Kenya inafundisha pia kwamba ukiziba tundu moja, madaraka hutafuta jingine: Rais Ruto aliteua makatibu wasimamizi 50 wa kuwasaidia mawaziri, idadi inayozidi mara mbili ukomo wa mawaziri wenyewe, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Julai 2023 kwamba uteuzi huo ulikuwa kinyume cha Katiba. Kilichokomesha jambo hilo ni mahakama yenye ujasiri, na hakuna ibara inayoweza kuuandika ujasiri.

PROFESA WA SHERIA: Ibara inaweza kuulinda. Ndiyo maana pendekezo linalotetewa hapa halisimami juu ya mguu mmoja. Waziri atoke nje ya Bunge; jina lake lipelekwe bungeni na kuhojiwa hadharani kabla ya kiapo; idadi ya mawaziri iwekwe ukomo ndani ya Katiba badala ya kuachwa chini ya Ibara ya 36, inayompa Rais madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka; na Bunge lipewe kura ya kumwondoa waziri mmoja mmoja bila kulazimika kuiangusha Serikali nzima. Kwa sasa silaha pekee iliyopo ni Ibara ya 53A, ambayo ni nzito mno kunyanyuliwa. Hoja inataka sahihi za asilimia 20 ya wabunge wote na taarifa ya siku 14, na ikipita, watu wote wanaanguka, mwenye kosa na asiye na kosa. Silaha ya namna hiyo haitumiki, na tangu ilipowekwa haijawahi kumwondoa Waziri Mkuu.

MBUNGE MSTAAFU: Haijapigiwa kura, lakini imetumika. Aprili 2012, baada ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanika ubadhirifu katika wizara kadhaa, wabunge walikusanya sahihi za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda, na miongoni mwa waliosaini walikuwamo wa chama tawala. Wiki chache baadaye Rais alilipanga upya Baraza na mawaziri kadhaa wakaachwa. Waliosaini walikuwa wamekaa safu moja na mawaziri hao, wanakula nao chakula cha mchana, wanajua nani anajibu ovyo na nani anafichwa na watendaji wake. Ujuzi huo hupatikana kwa kukaa pamoja.

KATIBU MKUU MSTAAFU: Waliosaini kutoka chama tawala walikuwa wachache, na inafahamika kwa nini. Ibara ya 71 inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza ubunge, na anayeweza kumfuta uanachama ni chama, ambacho kwa desturi mwenyekiti wake ndiye Rais anayewateua mawaziri. Waziri awe ndani au nje ya ukumbi, Profesa, mkono utakaopiga kura ya kumwondoa ni huohuo. Pendekezo lenye miguu minne limeuacha nje mguu wa tano.

PROFESA WA SHERIA: Halikuuacha kwa kuusahau. Ibara ya 71 ikiguswa, suala la mgombea binafsi linafunguka, na hilo limekwisha kufika mahakamani zaidi ya mara moja. Ni mjadala unaojitegemea. Lakini kungoja tatizo la vyama litatuliwe kwanza ndipo mawaziri watenganishwe na Bunge ni kungoja bila tarehe.

MBUNGE MSTAAFU: Kuwatenganisha kwanza ni kuwaachia wabunge Ibara ya 71 na kuwanyang'anya waziri wa kumhoji jioni ya Kamati ya Matumizi. Profesa aanze na sehemu inayomfunga mbunge mdomo. Mbunge akishakuwa huru kuikataa bajeti bila kupoteza kadi ya chama, hoja ya waziri akae wapi iletwe tena mezani, na huenda wakati huo wabunge wenyewe wakawa wa kwanza kutaka mawaziri watoke.

KATIBU MKUU MSTAAFU: Na kama wabunge wenyewe ndio watakaopiga kura ya kuifuta Ibara ya 71, mbele ya mawaziri wote na naibu wao, nao wakiwa na kura zao mkononi?